Maisha yasiyoandikwa katika dosie za tribinali

Masimulizi ya wazee ni maktaba yetu ya kwanza. Lakini kila mzee anachagua ya kusema na ya kunyamazia. Basi, wale wanaonyamaziwa na kila mtu, historia yao itatoka wapi?

Tuangalie Afrika ya Kusini. Wakati wa apartheid, mapendo kati ya wanaume yalihesabiwa kuwa kosa la kuazibiwa. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo alionekana katika karatasi za serkali akiwa mshitakiwa tu: jina, kosa, azabu. Kama alikuwa na mpenzi, kama mama yake alimfukuza ao alimkumbatia, karani hakuandika.

Simon Nkoli, mtoto wa Soweto aliyezaliwa mwaka 1957, alivunja ukimya huo. Alikamatwa mwaka 1984, akashitakiwa uhaini pamoja na wapiganaji wengine katika kesi ya Delmas. Humo gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Wamoja walikasirika sana. Lakini walikaa pamoja, wakasikilizana, na mwaka 1988 akaachiliwa bila hatia. Mwenzake wa kesi, Patrick Lekota, alikuja kushuhudia kwamba kumjua Nkoli kuliwasaidia wakati wa kuandaa katiba. Katiba ya mwaka 1996 ikakataza kubagua mtu kwa sababu ya jinsia anayoipenda. Kumbe sheria haikuzaa masimulizi. Masimulizi ndiyo yalifungulia sheria mlango.

Mwaka 1997, nyumba ya kumbukumbu iitwayo GALA ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Huko wanakusanya picha, barua na sauti za watu wakieleza maisha yao wenyewe. Barua za Nkoli za gerezani ziko humo. Yeye alikufa mwaka 1998, mwaka uleule Tribinali ya Katiba ilifuta ile sheria ya azabu. Mwaka 2006 ndoa yao ikaruhusiwa.

Je, kazi ya kurekodi ikaisha? Hapana. Mwaka 2008, Eudy Simelane, mchezaji wa mpira wa timu ya taifa ya wanawake, ambaye hakuficha kwamba anapenda wanawake, aliuawa KwaThema. Sheria ilikuwa nzuri. Kijijini na mtaani ilikuwa bado haijafika.

Kwetu Kongo, katiba ya mwaka huohuo wa 2006, article ya 40, inasema mtu anaoa ama kuolewa na mwenzake wa jinsia tofauti. Njia zetu si moja. Lakini anayekusanya masimulizi, hapa ao kule, ana deni moja: aombe ruhusa, afiche jina akiombwa, na afunge mashine mtu akisema basi. Juu sheria inaweza kugeuka tena, na kaseti ikianguka katika mikono mibaya inakuwa dosie ya tribinali. Ni ileile tuliyotaka kuikimbia.