Simbilisi, Paka na Jiko Moja: Majirani Waliokutana kwa Kuchelewa

Kuna swali moja ambalo wafugaji wadogo huulizana sana: simbilisi na paka wanaweza kukaa nyumba moja? Jibu fupi ni kwamba inawezekana, ila kwa ukuta kati yao. Jibu refu ni la kihistoria, na ndilo linalonivutia zaidi, maana linaeleza kwa nini huo ukuta hauepukiki.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Simbilisi siyo pimbi, ingawa sehemu nyingi za nchi majina haya yanachanganywa. Pimbi ni wa porini, anaishi kwenye miamba, na kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko na panya. Simbilisi ni mgugunaji wa kufugwa, mnene, hana mkia wa kuonekana, na akisikia unakata majani anapiga filimbi. Waingereza humwita nguruwe wa Guinea, wakati siyo nguruwe na hajatoka Guinea. Ametoka milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu walianza kumfuga zaidi ya miaka 4,000 iliyopita kwa ajili ya nyama, tambiko na tiba.

Sasa, huko Andes alifugwaje? Jikoni, bila kizimba. Mpaka leo vijijini Peru na Ecuador utakuta simbilisi wanazunguka kwenye sakafu ya jiko, wanakula maganda na majani, na mtu akiingia ghafla wanakimbilia uvunguni au pembeni mwa mafiga. Mfumo huu ulifanya kazi kwa sababu ndani ya nyumba hakukuwa na adui. Andes ina paka pori wa aina zake, ina mbweha na mwewe, lakini hao wote walikuwa nje. Paka wa nyumbani hakuwepo kabisa. Kwa maelfu ya miaka simbilisi alizoea dunia ambayo hatari iko ng'ambo ya kizingiti, na ndani ni salama.

Paka alifika na Wahispania, karne ya 16. Waandishi wa Kihispania wa wakati huo wanasimulia kwamba Diego de Almagro, mmoja wa walioiteka Peru, alitoa peso 600 kwa mtu aliyempelekea paka wa kwanza. Pesa nyingi hizo, kwa paka! Lakini meli zilikuwa zimeleta panya, na asiye na paka alikuwa anaangalia chakula chake kikiliwa. Garcilaso de la Vega, mtoto wa mwanamke wa ukoo wa Inka na baba Mhispania, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1609 kwamba wenyeji walimpa paka jina kutokana na sauti ambayo Wahispania walitumia kumwita. Sisi tunaomwita nyau tunaelewa kabisa mantiki hiyo.

Upande wa pili wa hadithi ni paka mwenyewe, na hapa Manyara tuna sababu ya kumfahamu. Babu yake ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na ndugu zake bado wanaishi kwenye mbuga zetu, ikiwemo Tarangire. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, na Kupro limekutwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu alizikwa karibu na paka. Walianza kuishi na binadamu pale binadamu alipoanza kuweka nafaka ghalani. Nafaka ilivuta panya, panya wakavuta paka. Hakuna aliyemchagua paka kwa upole wala kwa nyama. Alikubaliwa kwa sababu anawinda, na ndiyo maana ng'ombe, kondoo na mbwa wamebadilika sana mikononi mwetu, lakini paka ukimwangalia anavyonyatia kuku hutaona tofauti kubwa na yule wa porini.

Kwa hiyo unapowaweka hawa wawili chumba kimoja unakutanisha mmoja aliyefugwa mahali ambapo ndani hapakuwa na mwindaji, na mwingine aliyefugwa kwa sababu ni mwindaji. Tena mwindaji wa vitu vidogo vyenye manyoya vinavyokimbia kandokando ya ukuta. Simbilisi mkubwa ana uzito unaokaribia kilo moja na baadhi ya paka humwogopa kidogo. Mtoto wake anazaliwa na gramu mia hivi, macho wazi, tayari anakimbia. Kwa paka huyo ni panya tu.

Ulaya simbilisi alifika karne hiyohiyo ya 16, na huko maisha yake yalibadilika. Kuna picha ya Kiingereza ya mwaka 1580 hivi ya watoto watatu wa tajiri fulani, na mmoja amemshika simbilisi mikononi. Amebebwa, hazunguki sakafuni. Mji wa Mons, Ubelgiji, wanaakiolojia walikuta mifupa ya simbilisi ndani ya nyumba ya mjini, ya mwisho wa karne ya 16 au mwanzo wa ile ya 17. Nyumba za Ulaya zilishajaa paka kabla yeye hajafika, na kule mnyama huyu akaja kuwa mnyama wa sanduku na kizimba.

Afrika Mashariki aliletwa na wageni, wamisionari wakitajwa zaidi kuliko wengine, lakini cha ajabu ni kwamba hakuja na kizimba. Iringa na Njombe, na ng'ambo ya ziwa kule Kivu Kusini, amerudi kuishi kama Andes: jikoni, sakafuni, kwenye joto la moto. Mwaka 2011, katika mkutano uliofanyika Bonn, watafiti waliwasilisha kazi kuhusu umuhimu wa simbilisi kwa maisha ya watu wa vijijini mkoani Iringa. Ni mifugo ya wanawake na watoto hasa. Haihitaji shamba, haihitaji mtaji mkubwa, na ukihitaji daftari au chumvi unauza mmoja bila kumuuliza mtu. Kule Kivu ina faida nyingine ya kusikitisha: watu wakikimbia vita, simbilisi anabebeka, ng'ombe habebeki.

Ila jiko la Iringa au la Babati siyo jiko la Inka. Lina paka ndani.

Kata ya Sigino, hapa Mji wa Babati, simbilisi siyo wengi kama nyanda za juu kusini. Nyumba chache wanao, mara nyingi ni mradi wa mtoto wa shule. Shangazi yangu anao. Binti yake alianza na wawili, wakafika tisa, halafu ndani ya wiki moja wakabaki wanne, watoto wote wameliwa. Nikamwambia shangazi, kwa ujuaji wangu wa chuo, kwamba paka aondoke. Akacheka. "Mwanangu, nikimfukuza paka, hayo mahindi utakuja kuyalinda wewe?"

Na hapo ndipo ushauri mwingi unaotoka nchi za nje unapogonga mwamba. Kule paka ni rafiki wa sebuleni. Hapa paka ana kazi. Mahindi na mbaazi vikishavunwa vinawekwa ndani ya nyumba ileile, na panya wanajua. Panya hawali mahindi tu, wanabeba na viroboto. Wilaya ya jirani, Mbulu, ilipata wagonjwa wa tauni kuanzia mwaka 2007, na Lushoto walikuwa wameishi na ugonjwa huo tangu 1980 kwa zaidi ya miaka 20. (Paka naye anaweza kuugua tauni na kumwambukiza mtu, kwa hiyo siyo dawa kamili.) Na kumbuka panya mkubwa anaweza kumla mtoto wa simbilisi vilevile. Ukimwondoa paka umebadilisha adui tu.

Utafiti mmoja uliofanyika Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 unasaidia kuelewa. Watafiti walipima jinsi panya wanavyokula kwenye maboma yenye paka, yenye mbwa, yenye vyote viwili, na yasiyo na kimojawapo. Panya walipunguza kula pale tu ambapo paka na mbwa walikuwepo pamoja. Waliita hali hiyo mandhari ya hofu: siyo kwamba panya wote wameuawa, ila wanaogopa kutoka. Nadhani wafugaji wa simbilisi wanapaswa kulichukua wazo hilo kwa umakini, kwa sababu hofu haibagui. Simbilisi akiwa kwenye kizimba imara kabisa, kama paka amekaa nje anamkodolea macho usiku kucha, naye yuko kwenye mandhari ya hofu. Anaganda, anaacha kula, na tumbo la simbilisi haliwezi kukaa muda mrefu bila chakula. Mwenye mimba anaweza kuharibu.

Kwa hiyo kizimba kinahitaji mambo zaidi ya kuzuia meno. Kifuniko ni lazima, siyo kuta tu, maana paka anaruka. Wavu wa kuku wa kawaida haufai: matundu yake ni makubwa, mtoto anatoka na mkono wa paka unaingia. Tafuta wa waya mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita moja na nusu hivi. Sakafu iwe ya mbao au mianzi, siyo waya mtupu, utawaumiza nyayo. Ndani weka kijumba cha giza chenye milango miwili ili wajifiche wasionekane, na upande mmoja wa kizimba uzibe kwa ubao kabisa. Mlango uwe na komeo la kweli; kamba ya katani paka ataisukuma hadi ilegee. Miguu ya kizimba ikae kwenye makopo yenye oili chafu, kwa ajili ya siafu, ambao hawajali wavu wa aina yoyote.

Mambo mawili watu huyasahau. Mate ya paka yana bakteria, hivyo simbilisi aliyeparuzwa au kuumwa kidogo tu anaweza kufa siku chache baadaye, wakati kidonda kinaonekana si kitu. Msafishe na mtafute mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. La pili ni majani. Paka anajisaidia kwenye udongo laini wa bustani, na kinyesi chake kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma. Usikate majani ya simbilisi hapo. Na ukiwa na mimba, kusafisha kinyesi cha paka mwachie mtu mwingine.

Gharama? Ukiwa na mbao chakavu na kipande cha wavu, siyo kubwa, lakini siyo sifuri, na binti wa shangazi ilibidi auze wawili kati ya wanne waliobaki ili anunue wavu. Uamuzi mgumu kuliko unavyosikika. Kizimba walikiweka jikoni palepale, kwa sababu Babati mwezi wa saba kuna baridi na simbilisi hastahimili.

Wiki ya kwanza paka akagundua kwamba juu ya kile kifuniko ndiko kuna joto zuri kuliko sehemu zote za nyumba, akahamia kulala hapo. Simbilisi wakakaa siku mbili kwenye kona bila kugusa majani. Fundi wa jirani akashauri wapigilie kipande cha bati juu, mshazari, kama paa. Paka alipanda, akateleza, akapanda tena, akateleza. Sasa hivi analala kwenye magunia ya mahindi.