Mashua Ikae Tayari



Kila mwaka, mwezi wa Mei unapoelekea kwisha, mahujaji kutoka Kenya huvuka mpaka wetu wa Busia na Malaba, wengi wao kwa miguu, wakienda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Leo tuitazame historia ya njia hiyo, kisha tujiulize swali moja: tukiisha kuwaita watu kwa maelfu waje mbele za Mungu, ni nani mwenye kuangalia kwamba watarudi nyumbani wazima?

Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alifika Mumias kwa miguu kutoka pwani. Aliwaacha hapo watu wengi wa msafara wake, akaendelea na wapagazi wapata 50, akielekea magharibi kupitia nchi hii yetu ya mpakani. Hakufika Buganda. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi katika jumba la Kabaka, alimkemea mfalme kwa tendo hilo, naye akauawa mwezi wa Novemba. Tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo.

Papa Paulo wa 6 aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, na mwaka 1969 akaja Uganda mwenyewe. Kanisa kubwa la Namugongo liliwekwa wakfu mwaka 1975. Siku hizi mahujaji huhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Tumshukuru Mungu kwa wingi huo. Lakini, ndugu zangu, wingi una uzito wake, na uzito ule huweza kuua.

Kumbukeni Moshi, Tanzania. Tarehe 1 Februari 2020, katika mkutano wa maombi uwanjani, watu walikimbilia mahali palipomwagwa mafuta ya upako ili wayakanyage wapate baraka. Watu 20 walikufa, na watoto wakiwamo. Kumbukeni na Kampala, usiku wa kuingia mwaka 2023. Katika jengo la maduka la Freedom City watu walitoka kwa pamoja kwenda kutazama fataki, wakasongamana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wadogo.

Baada ya msiba wa namna hiyo twasikia watu wakisema, "Ni kukosa adabu," au, "Ni ghadhabu ya Mungu." Tusiseme hivyo juu ya wafu. Wataalamu waliochunguza misiba hii wametuonyesha jinsi ilivyo. Watu wakizidi watano au sita katika nafasi ya mita moja ya mraba, mtu hana tena uwezo wa kuuongoza mwili wake. Umati huwa kama maji ya mto. Ukisukumwa huku, wote huenda huku. Aliye nyuma haoni yaliyo mbele. Yeye husogea hatua moja tu, kumbe hatua za watu elfu moja zinambana mama aliye langoni. Kifua chake hakipati nafasi ya kupanuka, pumzi inakatika. Wengi hufa wakiwa wamesimama wima, wala hakuna aliyetaka kuwadhuru.

Basi kosa huanza kabla ya siku yenyewe: lango ni moja, njia ni nyembamba, wanaotoka wanakutana na wanaoingia. Ndugu zetu Waislamu wamelijua jambo hili kwa uchungu. Huko Mina, karibu na Makka, mahujaji zaidi ya 300 walikufa mwaka 2006 penye daraja la kutupia mawe. Daraja lile lilibomolewa, likajengwa jipya lenye ghorofa kadhaa na njia za kwenda upande mmoja tu. Hata hivyo, mwaka 2015 makundi mawili yalikutana katika barabara nyingine ya Mina, na watu wengi sana wakafa tena. Kurekebisha mahali pamoja hakutoshi. Lazima safari yote iangaliwe.

Sasa tufungue Injili. Katika Luka sura ya 12 twasoma kwamba watu walikusanyika kwa maelfu hata wakakanyagana. Na Bwana Yesu alifanya nini penye makutano? Katika Marko sura ya 3 aliwaagiza wanafunzi wamwekee mashua ndogo tayari, ili asije akasongwa na watu. Katika sura ya 6, kabla ya kugawa mikate, aliwaketisha watu kwenye majani, vikundi vikundi, vya mia na vya hamsini. Utaratibu ulitangulia, ndipo muujiza ukafuata. Wala hakuna aliyesema kwamba kuweka mashua ni upungufu wa imani.

Wazee wa kanisa, mkutano wa injili ukija, au ibada ya usiku wa Krismasi, hesabuni milango kabla ya kuhesabu viti. Mlango ufunguke kwa nje, wala usifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Waingiao wapite huku, watokao wapite kule. Msigawe kitu chochote mahali pamoja penye msongamano. Uwanja ukijaa, semeni umejaa.

Nawe msafiri wa Namugongo, mshike mtoto mapema, mkubaliane mahali pa kukutana. Ukibanwa, inua mikono mbele ya kifua, simama imara, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Usiiname kuokota kiatu. Usimsukume aliye mbele. Yeye naye ana mtu mbele yake.

Mashahidi wa Namugongo waliutoa uhai wao kwa ajili ya imani. Mtu aliyekanyagwa langoni hakuulizwa kama anataka kuutoa. Mungu atupe kumpenda jirani hata katika kupima upana wa mlango. Amina.