Mpangaji kama Mtunzi: Historia ya Ibada ya Masomo na Nyimbo za Majilio

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kumtafuta mtunzi. Tukiisha kumpata, tunamhusisha na wakati wake, tabaka lake na lugha yake, kisha tunaigeukia kazi yake. Pale ambapo mtunzi hajulikani, kama katika ngano na nyimbo za jadi, tumejifunza kumzungumzia fanani na hadhira yake. Hata hivyo, ipo aina ya matini isiyoingia vyema katika mafungu haya mawili, nayo ni ile iliyoundwa na mtu ambaye huenda hakutunga hata mstari mmoja wa yale yanayosikika, bali aliyachagua, akayapanga na kuamua yaishie wapi. Makala haya yanashughulikia mfano mmoja wa matini ya namna hiyo, yaani ibada ya masomo na nyimbo ifanywayo wakati wa Majilio, kipindi cha takriban majuma manne kinachotangulia Krismasi katika kalenda ya makanisa ya Magharibi. Hoja yetu ni kwamba maana ya ibada hii imo katika mpango wake kuliko ilivyo katika sehemu zake, na kwamba mpangaji asiyejua mahali pa kukomea huivunja kazi nzima, hata kama nyimbo alizozichagua ni nzuri.

Jina la Kiswahili la kipindi hiki lafaa kuzingatiwa. Majilio latokana na kitenzi -jilia, mnyambuliko wa -ja ambao umembeba ndani yake yule anayejiwa. Hivyo neno hili moja lina pande mbili: anayekuja na anayemngoja. Sanaa ya Majilio ni sanaa ya huyu wa pili.

Antifona saba na herufi zake

Mfano mkongwe wa upangaji tunaoukusudia umo katika Masifu ya Jioni ya Kanisa la Kilatini. Tangu tarehe 17 hadi tarehe 23 Desemba, Wimbo wa Mariamu huambatanishwa na antifona fupi iliyotengewa siku hiyo peke yake. Kila antifona huanza kwa mwito wa "O", ikamwita anayengojwa kwa jina mojawapo la kibiblia, kisha ikamalizia kwa kumwomba aje. Majina hayo, kwa mfuatano wake, ni Sapientia (Hekima), Adonai (Bwana), Radix (Shina la Yese), Clavis (Ufunguo wa Daudi), Oriens (Mapambazuko), Rex (Mfalme wa Mataifa) na Emmanuel. Antifona hizi zilikwisha kujulikana kufikia karne ya 8. Tena zilimpa mshairi wa Kiingereza cha Kale msingi wa utungo wa Majilio ulio mwanzoni mwa Kitabu cha Exeter, kilichonakiliwa katika karne ya 10.

Mtu akichukua herufi ya kwanza ya kila jina, akaanza na la mwisho na kurudi hadi la kwanza, atapata maneno mawili ya Kilatini: ero cras, yaani "kesho nitakuwapo". Jibu hilo hukamilika usiku wa tarehe 23, mkesha wa Krismasi ukiwa siku inayofuata. Hata anayeona kwamba jambo hili ni sadfa hana budi kukiri kuwa athari yake ipo. Waimbaji huita kwa kwenda mbele, jioni baada ya jioni, lakini jibu husomeka kwa kurudi nyuma, na halisomeki kabisa kabla mwito wa mwisho haujatolewa. Katika Uingereza ya Enzi za Kati iliongezwa antifona ya nane, iliyomwita Bikira, na mfululizo ukaanza tarehe 16. Herufi zikawa vero cras, "kweli, kesho". Kalenda ya Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662 bado inalitaja jina la antifona ya kwanza katika tarehe hiyo ya 16.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na mbinu ya herufi, kwani anazijua tungo za pwani zinazofuata alfabeti ya Kiarabu, kama vile Dura Mandhuma. Tofauti ni kwamba mpango wa alfabeti unajulikana tangu mwanzo, na msikilizaji anatarajia kila herufi inayofuata. Mpango wa antifona umefichwa katika muda wa siku saba. Ni subira pekee inayoufichua.

Thamani ya mpango huu hudhihirika pale unapovurugwa. Mnamo mwaka 1710 kilichapishwa huko Cologne kitabu cha nyimbo ambamo antifona tano kati ya saba ziligeuzwa kuwa beti zenye vina na mizani, kila ubeti ukifuatwa na kiitikio cha furaha. Ubeti wa Emmanuel, uliokuwa wa mwisho, ukawekwa mwanzo. Wimbo huo ndio uliotafsiriwa kwa Kiingereza na John Mason Neale mwaka 1851, nao leo waimbwa karibu kila mahali panapoadhimishwa Majilio. Ulipata uimbikaji na ukapoteza siri yake, kwa maana jibu la herufi haliwezi tena kusomeka humo. Juu ya hayo, kiitikio hutoa ahadi baada ya kila ubeti, ilhali antifona zenyewe ziliomba tu.

Lahani yake, hata hivyo, ina historia inayorudisha sehemu ya kilichopotea. Thomas Helmore aliichapisha pamoja na maneno ya Neale katika miaka ya 1850, na kwa zaidi ya karne moja asili yake ilikuwa na utata. Mwaka 1966 Mary Berry, mtawa na mtaalamu wa nyimbo za Gregori, aliikuta katika hati ya Kifransisko ya karne ya 15 iliyohifadhiwa Paris. Humo ilikuwa sehemu ya nyimbo za maandamano ya mazishi. Kwa mapokeo ya kale, wahubiri wa Majilio walizungumzia mambo manne ya mwisho: kifo, hukumu, mbingu na jehanamu. Lahani ya mazishi haikupotea njia ilipoingia humo.

Truro 1880, Cambridge 1918

Ibada ya masomo tisa na nyimbo, ambayo ndiyo mzazi wa ibada ya Majilio tunayoijadili, ilianza Truro, kusini-magharibi mwa Uingereza, usiku wa tarehe 24 Desemba 1880. Kanisa kuu la dayosisi lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kujengwa, na waumini walisali katika jengo la mbao la muda. Askofu Edward White Benson, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alipanga masomo mafupi tisa yaliyopishana na nyimbo. Wasomaji walipangwa kwa ngazi, kuanzia mtoto wa kwaya hadi askofu mwenyewe. Katika mpangilio huo, cheo cha msomaji kilipanda kadiri hadithi ilivyokaribia kilele chake. Uwasilishaji ulikuwa sehemu ya maana.

Aliyeupa mpango huu sura inayojulikana leo ni Eric Milner-White. Alirejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza, alikohudumu kama kasisi wa jeshi, akateuliwa mwaka 1918 kuwa mkuu wa kanisa la King's College, Cambridge, akiwa na umri wa miaka 34. Mkesha wa Krismasi wa mwaka huo aliandaa ibada ya kwanza, na mwaka uliofuata akaupanga upya mfuatano wake. Masomo yanaanza na anguko la Adamu katika Mwanzo 3, yanapitia ahadi kwa Ibrahimu na utabiri wa Isaya, yanafika kwa Mariamu, wachungaji na mamajusi, na kutulia katika utangulizi wa Injili ya Yohana. Kwa maneno yake mwenyewe aliongeza hasa dua ya ufunguzi, inayowakumbuka maskini na wenye njaa na pia marehemu, ambao husemwa kama watu walio katika ng'ambo nyingine. Kwa hadhira ya Desemba 1918, majuma machache baada ya bunduki kunyamaza, sitiari hiyo haikuhitaji ufafanuzi.

Redio iliipeleka ibada hii mbali. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliitangaza kwa mara ya kwanza mwaka 1928, na tangu wakati huo imekosekana hewani mwaka 1930 pekee. Ikawa kielelezo katika shule, vyuo na parokia nyingi za ulimwengu unaotumia Kiingereza, zikiwamo za kwetu. Kuenea huko ndiko kulikozaa tatizo tunalolijadili.

Ibada inayokoma kabla ya mwisho

Mwaka 1934 Milner-White aliandaa ibada ya pili, ya Majilio. Kwa nini mtu aliyekwisha kupata mpango uliofanikiwa mno atunge mwingine? Jibu limo katika kile alichokiacha nje. Ibada ya mkesha husimulia hadithi nzima. Ibada ya Majilio husimulia kungoja, na kwa hiyo haina ruhusa ya kufika. Masomo yake aghalabu hutoka kwa manabii, mathalani Isaya 40, Yeremia 23, Zekaria 9 na Malaki 3, na yakiingia katika Injili ya Luka hukomea kwa malaika na Mariamu. Mtoto hazaliwi. Nyimbo nazo hufuata sharti hilo: antifona, zaburi na nyimbo za matazamio huingia, za horini husubiri.

Mwanzo wa ibada ya aina hii mara nyingi ni kiitikizano cha kale cha Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambacho mnenaji wake husimama mbali akitazama kitu kinachokaribia asichokitambua bado. Sauti moja huuliza, kwaya hujibu. Muziki unaotumika sana umerekebishwa kutoka utungo wa Palestrina, na juzuu ya pili ya Carols for Choirs, iliyohaririwa na David Willcocks na John Rutter mwaka 1970, iliufikisha kwa kwaya za kawaida. Katika istilahi yetu, hii ni taharuki. Lakini ni taharuki ya namna ya pekee, kwa kuwa hadhira inajua vyema mwisho wa hadithi. Linalozuiwa si habari, bali ni ruhusa ya kuifurahia kabla ya wakati.

Tunaweza kulipima jambo hili kwa Maulidi ya Barzanji, ambayo mwambao wetu unayafahamu. Huko pia masomo hupishana na maitikio, na wasomaji hupokezana. Usomaji ukifika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama. Kisimamo hicho ndicho kilele kinachoipa sherehe umbo. Ibada ya Majilio ina viungo vivyo hivyo, ila kisimamo chake kimeahirishwa. Mpango wake wote huelekea mahali usipofika.

Hitimisho

Katika vyuo na shule zetu, ibada ya nyimbo za Krismasi hufanywa aghalabu mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, kabla ya kufunga. Kwa kalenda, huo ni wakati wa Majilio, au hata kabla yake. Kwa maudhui, ni Krismasi tayari. Wapo watakaosema kwamba wanafunzi hawatakuwa pamoja tarehe 25, na kwamba kuwanyima nyimbo za kuzaliwa ni kuwanyima kabisa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachukulia kwamba kungoja ni upungufu wa sherehe. Historia tuliyoipitia yaonyesha kwamba kungoja kuna fasihi yake, iliyokomaa zaidi ya miaka elfu moja, na kwamba mtu anayetoka kanisani hadithi ikiwa haijaisha huondoka na kitu cha kwenda nacho nyumbani. Anayetoka ikiwa imeisha amekwisha kupokea vyote, na tarehe 25 itamkuta akirudia.

Kwa mhakiki, funzo ni pana kuliko kanisa. Aliyeupanga mfululizo wa antifona saba, mshairi wa Cologne aliyeuvuruga, Benson aliyepanga wasomaji kwa ngazi na Milner-White aliyeikatisha hadithi kabla ya kilele, wote walifanya uamuzi wa kisanaa kwa maneno ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwa yao. Nadharia yetu ya fasihi ina jina la mtunzi, la mtafsiri na la fanani. Haina budi kumpa mpangaji nafasi kando yao, na kumhukumu kwa kigezo kinachomstahili: alianza wapi, aliweka nini baada ya nini, na alijua kunyamaza mahali gani.