Maji ya Pili: Mchele, Ngozi na Bonde la Msimbazi

Nilipokuwa mdogo, nikitokwa na harara bibi hakuuliza mara mbili. Alichukua maji ya pili ya kuoshea mchele (ya kwanza, alisema, yana vumbi la gunia), akanimwagia mgongoni na kuniacha nikauke bila taulo. Muwasho ulipungua, hilo nalikumbuka vizuri. Mjomba wangu alipoota jipu pajani, dawa ikawa ileile kwa sura nyingine: uji mzito wa mchele mwekundu, wa moto, umefungwa kwa kipande cha kanga. Siku ya nne mjomba yuko hospitali, homa imempanda, daktari anapasua.

Dawa moja, majibu mawili. Juzi nikipita Mtaa wa Msimbazi, pale Kariakoo, nikamsikia muuzaji akimsifia mteja mchele mwekundu: "Huu mama, unasafisha mpaka ngozi." Nikacheka, halafu nikajikuta nimerudi kwenye swali langu la utotoni.

Tuanze mbali kidogo. Mpunga si mgeni wa jana pwani. Wachimbaji wa mambo ya kale wameokota punje zake zilizoungua kisiwani Pemba, kwenye makazi ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli. Kwa vizazi vingi mkulima alijichagulia mbegu na kuzipa majina mwenyewe. Hebu sikiliza: Kula na Bwana. Shingo ya Mwali. Faya Dume. Rangi Mbili. Sisi tunaopenda maneno tunaweza kukaa na majina haya siku nzima. Yana mahaba, yana umbo, yana rangi. Lakini katika haya manne hakuna hata moja linalotaja dawa. Nadhani mchele ulikuwa chakula kwanza, tena cha heshima. Udawa ulikuja kwa kuwa tayari ulikuwa jikoni, karibu na mkono wa bibi.

Heshima hiyo ilionekana wazi Dar es Salaam. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, "Carrier Corps", wa Vita vya Kwanza. Chini yake liko bonde la Msimbazi, ambako watu wa mjini walilima mpunga na mboga. Vita vya Pili vilipoleta mgao wa chakula, serikali ya kikoloni ilifuata rangi ya mtu: mchele ukahesabiwa zaidi kuwa chakula cha Wahindi, Mwafrika apewe unga. Watu wakalalamika, na haikuwa njaa tu. Kunyimwa wali kulikuwa kuambiwa wewe si mtu wa mjini.

Halafu kuna mashine. Kinu na mchi viliacha sehemu ya ngozi nyembamba ya punje. Mashine ya kukoboa huisugua mpaka punje ing'ae. Huko Java, miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakiishiwa nguvu za miguu, na wakipona waliporudishiwa usiokobolewa. Mwaka 1929 alipata Tuzo ya Nobel. Ngozi ile ina vitamini B1. Ndiyo pia inayobeba wekundu wa mchele pamoja na asidi ya feruliki, ambayo maabara zimeiona ikiwadumaza bakteria kadhaa, akiwamo Staphylococcus aureus, mleta majipu.

Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi? Nusu. Wanga wa mchele kwenye maji ya kuoga hutuliza ngozi kavu inayowasha, na hapo harara yangu ilipata nafuu yake. Jipu ni habari nyingine. Maabara hutumia dawa iliyokamuliwa na kukolezwa, tena juu ya kisahani. Uji wa mjomba haukuwa hivyo, na bakteria wake walikuwa chini ya ngozi, ndani ya usaha. Kilichomsaidia kidogo ni joto, ambalo hata kitambaa cha maji moto kingempa. Tena mchele wenyewe hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo kuchemsha hakuziui zote. Maji ya mchele yaliyolala kutwa kwenye ndoo huwa kitalu chake. Ukiyamwaga kwenye kidonda kibichi, umeongeza adui.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Bonde la Msimbazi likifurika, kama ilivyokuwa Desemba 2011, maji machafu huingia mpaka vyumbani, watu wakayakanyaga, na miguu ikaanza fangasi na vidonda. Asiye na hela ya duka la dawa atageukia jikoni. Huyo hastahili kuchekwa, wala kudanganywa kwamba mchele mwekundu unatibu kila kitu.

Mimi nilinunua nusu kilo, nikaupika kwa nazi. Nikitokwa na harara, nitatafuta maji ya pili, tena ya siku hiyohiyo. Nikiota jipu, nitakwenda hospitali mapema, kabla ya ile siku ya nne ya mjomba.