Kituo cha utalii na kivutio cha utalii

kituo cha utalii (nm. ki-/vi-): mahali wanapofikia watalii, penye malazi, usafiri na huduma nyingine.

kivutio cha utalii (nm. ki-/vi-): kitu au mahali panapowavuta watalii kwa sababu ya uzuri, upekee au historia yake.

Tofauti ya maana

Istilahi hizi hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe, lakini asili zake hazifanani. Kivutio hutokana na *vutia*, na hutaja sababu ya msafiri kuondoka kwake. Kituo hutokana na *tua*, yaani kushusha mzigo au kusimama kwa muda safarini. Wala kituo si lazima kiwe mwisho wa safari.

Mfano wa Tabora huidhihirisha tofauti hiyo. Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo: tawi moja lilielekea Ujiji, jingine Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo yao hapo. Hata leo reli hugawanyika Tabora kwenda Kigoma na Mwanza. Kwa hiyo ni sahihi kuandika:

*Watalii hufikia Tabora, kisha huenda Kwihara kulitazama tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872.*

Katika sentensi hii, mji ni kituo na tembe ni kivutio.

Angalizo kwa wafasiri

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo, kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Hapa neno *kivutio* lahitaji kupimwa, kwa kuwa hudokeza uzuri na raha, ilhali njia hiyo ilipitishwa watu waliotekwa. Linganisha:

*Njia ya watumwa ni kivutio kizuri.* (haifai)

*Njia ya misafara ni eneo la kumbukumbu linalotembelewa na watalii.* (yafaa)

Neno *utalii* lenyewe halina kasoro hiyo. Kitenzi *talii*, chenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya kutazama na kuchunguza ili kujua. Na kujua ndiko kunakostahili mahali pa namna hii.