Jina la Maradhi ya Mzazi: Lugha na Tiba katika Mpaka wa Banissa

Katika Kiswahili neno mzazi lina maana mbili: baba au mama wa mtu, na mwanamke aliyejifungua karibuni. Maana hii ya pili ndiyo iliyofungamana na arobaini, yaani siku za kukandwa, kunyweshwa uji na kupumzishwa. Wasomali nao wana siku zao arobaini, ziitwazo afartan. Desturi hiyo ni ngao ya mzazi, lakini yahitaji mama, dada na majirani. Mwanamke aliyevuka mpaka akiwa mkimbizi huenda asiwe na hata mmoja wao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maradhi ya moyo yampatayo mzazi wa namna hiyo, hususan huko Banissa katika kaunti ya Mandera, yamekosa tiba kwa sababu ya umbali na pia kwa kukosa jina.

Umbali una historia yake. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya wenye wazimu Nairobi, ambayo tangu 1924 imejulikana kwa jina la Mathari. Wilaya za kaskazini, mamia ya kilomita kutoka hapo, zilitawaliwa kwa sheria za kufunga maeneo, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1902. Uhuru ulipopatikana, hali ya hatari ilitangazwa huko Desemba 1963, nayo haikuondolewa hadi 1991. Mwaka huo huo serikali za Somalia na Ethiopia zilianguka, na wakimbizi wakamiminika. Makambi ya Dadaab yalianza wakati huo. Banissa penyewe palikuwa na kambi, ambayo baadaye ilifungwa. Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Lakini mashambulizi ya Mandera ya mwaka 2014 yaliwafanya wahudumu wengi wa afya kutoka sehemu nyingine kuondoka.

Kuhusu jina, mfano bora unatoka Uganda. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, aliwachunguza wanawake waliojifungua huko Kasangati, karibu na Kampala. Takriban asilimia 10 walikuwa na sonona. Dhana kwamba maradhi hayo ni ya wanawake wa Ulaya tu ilianguka. Aidha, Waganda walikuwa na jina lao, amakiro, kwa wazimu wa mzazi. Hata hivyo, jina hilo lilihusishwa na uzinzi wakati wa ujauzito. Kwa hiyo mgonjwa aliyelikiri alijiaibisha. Hapa twaona kwamba jina laweza kufungua mlango wa tiba, na laweza pia kuufunga.

Mwaka 1987 Cox na wenzake wawili walitoa kipimo cha Edinburgh, chenye maswali 10, ambacho sasa hutumika duniani kote. Swali lake moja limejengwa juu ya nahau ya Kiingereza isemayo kwamba mambo yamempanda mtu juu. Likitafsiriwa neno kwa neno, halina maana; Kiswahili husema mambo yamemlemea. Banissa, ambako Kisomali na Kioromo ndizo lugha za nyumbani, jibu la mzazi laweza kupita katika Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza. Kisomali kina murug kwa huzuni, welwel kwa wasiwasi na waali kwa wazimu. Mkalimani akichagua waali, mzazi atakana kwa hofu ya fedheha. Akichagua murug, mhudumu aweza kudhani ni huzuni ya kawaida ipitayo. Kati ya maneno hayo mawili maradhi yenyewe hupotea.

Lakini lugha si maskini. Huko Dadaab wakimbizi walilichukua neno buufis, lenye asili katika kitenzi cha kupuliza, wakalipa maana ya shauku ya kuhamia ng'ambo na maradhi yaletwayo na shauku hiyo ikivunjika. Kiswahili nacho kimelichukua sonona, kitenzi cha zamani cha kuumia moyoni, kikalifanya istilahi ya kitabibu.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta jina lisilo na aibu haiwezi kuachiwa madaktari peke yao. Wataalamu wa lugha wana wajibu wa kukaa na wakunga na wazazi wenyewe, wasikilize maneno yatumiwayo siku za arobaini, kisha wayaingize katika maswali ya kliniki. Mzazi asiyeulizwa kwa lugha yake huhesabiwa kuwa mzima.