Kompyuta za Nyumbani Zilivyoipita Mbulu na Hanang, na Kitabu cha Kuanza Nacho Leo

Wadau, twende mwaka 1982. Uingereza wametoa ZX Spectrum, Marekani wametoa Commodore 64. Dogo wa huko anachomeka mashine kwenye TV ya sebuleni, anafungua kitabu kilichokuja kwenye boksi, jioni hiyohiyo ameshaandika programu yake ya kwanza. Mwenzake wa Mbulu au Katesh yuko shule, ana akili zilezile, na hajawahi kuiona kompyuta hata kwenye picha.

Sababu moja ilikuwa sheria. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na seti za televisheni zikaingia kwenye katazo hilohilo. Fedha za kigeni zilikuwa za shida, halafu jaribio la kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikuwa limeharibika vibaya. Mimi siwacheki wazee kwa uamuzi huo. Ila marufuku yakaja kulegezwa taratibu mno, wakati wenzetu wanakimbia.

Na hiyo TV ndiyo ilikuwa kioo cha kompyuta zenyewe! Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994. Hata kama mjomba angekuletea Spectrum kwenye begi kutoka Ulaya, Dongobesh ungeichomeka wapi? Kinachouma zaidi ni kwamba programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida kabisa, zilezile za muziki. Redio kaseti watu walikuwa nazo.

Wala msidhani mashine hazikufika kwetu kabisa. Hanang yalikuja matrekta na kombaini za mradi wa ngano wa Wakanada, Wabarbaig wakapoteza malisho yao kupisha mashamba. Watu wa Basotu hawahitaji kusimuliwa.

Haya, leo je? Simu yako hiyohiyo inaweza kujifanya Spectrum au Commodore, bure, kwa programu inayoitwa emuleta. Hapo ndipo vijana wengi wanakwama: wanashusha emuleta, wanacheza magemu mawili, wanaifuta. Kitabu hawana, au wana kitabu cha mashine nyingine.

Mashine zote hizi zinatumia BASIC, lugha iliyotengenezwa mwaka 1964 na Kemeny na Kurtz, walimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani. Jina moja, lahaja tofauti. Ukitaka pembezoni mwa kioo pawe peusi, kwenye Spectrum unaandika BORDER 0. Kwenye Commodore unaandika POKE 53280,0. Nani angekisia hilo bila kitabu? Tena Spectrum huandiki PRINT herufi kwa herufi, unabonyeza P tu neno zima linatokea. Asiyejua hilo atadhani simu imeharibika.

Kwa hiyo chagua mashine kwanza, kitabu kifuate. Ushauri wangu ni Spectrum, kwa sababu ya kitabu chake cha kwenye boksi, alichokiandika Steven Vickers. Kinakuanzia sifuri na kukufikisha mbali. Commodore ni mashine tamu kwa muziki na picha, lakini BASIC yake haina amri za picha wala sauti, kila kitu ni POKE na namba ndefu. Huko utahitaji Programmer's Reference Guide, na hicho si kitabu cha wiki ya kwanza.

Sasa lugha. Umesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari ukarushwa kwenye Kiingereza, kitabu cha kurasa mia tatu kinakutisha. Hapo tafuta vitabu vya watoto vya Usborne vya miaka ya 80. Michoro mingi, sentensi fupi, roboti kila ukurasa, na wachapishaji wenyewe wameviweka bure mtandaoni. Usione aibu ya kusoma kitabu cha watoto. Kuna na BASIC Computer Games cha David Ahl, toleo la 1978, kitabu cha kwanza cha kompyuta kuuza nakala milioni. Magemu yake ni maandishi matupu, ila mengi yanakata maneno kwa LEFT$ na MID$, amri ambazo Spectrum haina. Utayabadilisha mwenyewe, na ukiweza hapo umeshaanza kuwa programa.

Vile vya Rodney Zaks kuhusu Z80 na 6502 viache kwanza. Hivyo vinaongea na moyo wa mashine, na utavihitaji BASIC ikianza kukuchosha kwa uzito wake.

Kama uko Haydom na bando ni la kuungaunga, shusha PDF ya kitabu kwanza. Programu za mistari kumi unaweza kuzisoma na daftari na kalamu, ukifuata namba za mistari, 10, 20, 30, ukiandika pembeni A imekuwa ngapi. Emuleta utaishusha ukipata Wi-Fi ya mtu.